Je, wajua kwa nini kaa dume wa mikokoni hupunga gando lisilomlisha?

Maji yakishakupwa, simama kimya dakika chache kwenye daraja la mikoko ya Pete, jirani na msitu wa Jozani kisiwani Unguja. Tope ulilodhani tupu litaanza kutoa kaa wadogo, mmoja mmoja. Kisha utaona wanapunga: gando moja lililopauka, karibu sawa na mwili wa mwenyewe, linapanda na kushuka kama mkono wa mtu anayesimamisha daladala.

Wanaopunga wote ni madume. Jike ana magando mawili madogo na hula kwa yote mawili: anachota tope, anachuja chakula mdomoni, anaacha kidonge cha mchanga. Dume huchota kwa lile dogo tu. Kubwa halimlishi, ni zito kulibeba, na huonekana kwa mbali.

Tumezoea kuambiwa kwamba kiungo cha mnyama kimebaki kwa sababu kinamsaidia kuishi. Kwa macho ya kaa huyu ni kweli kabisa: yamekaa juu ya vijiti, humwona ndege mapema akawahi shimoni. Huo ni uteuzi wa asili. Gando lina hesabu nyingine, ambayo Charles Darwin aliieleza kwa kirefu mwaka 1871: uteuzi wa kijinsia. Sifa inaweza kumgharimu mwenye nayo na bado ikaenea, maadamu inampatia watoto wengi zaidi. Kaa aliyeishi sana bila kupata jike hana aliyemrithi. Aliyeliwa mapema baada ya kuzaa anao.

Dume hulitumia gando kugombea shimo na madume wenzake, na kuita majike. Jike akitaka kuzaa huacha shimo lake, hupita akiwatazama wanaopunga, akivutiwa na mmoja huingia kukagua shimo, maana humo ndimo atakamokaa na mayai.

Linalonishangaza zaidi ni hili. Gando likikatika huota jingine, refu vilevile lakini jepesi na dhaifu. Watafiti waliochunguza huko Msumbiji aina ya kaa hawa inayopatikana pia pwani yetu walieleza mwaka 2000 kwamba madume wengine hawatambui udhaifu huo kwa kutazama, na majike hawambagui mwenye nalo. Kwa hiyo hata pale Pete, katika wale wanaopunga, huenda wamo wenye gando lisiloweza tena kupigana, na jike anayepita anawaona wote sawa.