Matunda ya kupika ki-Ayurveda: viungo vingi si dawa ya tumbo

"Nimetia karafuu, tangawizi, mdalasini, kungumanga na pilipili manga, mbona tumbo bado linajaa na kifua kinawaka?" Swali hili limezidi. Kifua kinawaka kwa sababu ya viungo hivyo hivyo.

Dhana: viungo vikizidi, mmeng'enyo unazidi. Hapana. Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, inataka agni (moto wa mmeng'enyo) ichochewe, haitaki tumbo liunguzwe. Mwenye pitta ya juu, yaani mwili wenye joto jingi, ukimrundikia viungo vya moto, unampa kiungulia mkononi. Kosa kubwa ni kubadilisha tangawizi mbichi kwa unga kijiko kwa kijiko. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli, inayoipa ukali wake, hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Karafuu nayo ina eugenoli, inayotia ulimi ganzi: saga karafuu 10 kwenye sufuria moja uone kama utaisikia ladha ya tunda.

Kipimo cha watu wanne ni hiki. Menya matufaha 4 matamu, toa mbegu, kata vipande vya sentimita 2. Pasha samli kijiko 1 cha chai kwa moto mdogo, kisha tia karafuu 3 nzima, iliki 4 zilizopasuliwa na kijiti cha mdalasini cha sentimita 5. Viungo hutangulia kwenye samli kwa sababu mafuta yanayobeba harufu yake huyeyuka vizuri ndani ya samli kuliko ndani ya maji. Sekunde 30 zinatosha. Vikianza kuwa vyeusi, mwaga uanze upya, maana uchungu ule hautoki hata uongeze sukari. Tia matufaha na maji mililita 120, funika, acha yatokote polepole dakika 12 hadi 15. Yameiva kijiko kikizama kwenye kipande bila kusukumwa. Wengi huzima dakika ya 6, nje pamelainika na kiini bado kigumu. Opoa karafuu na kijiti kabla ya kuhifadhi, vinginevyo vitaendelea kutoa ukali usiku kucha. Tunda liliwe likiwa vuguvugu, si baridi kutoka kwenye friji.

Mwenye pitta atoe karafuu, aweke shamari nusu kijiko cha chai. Mwenye vata (mwili mkavu wa baridi) aongeze slesi 2 nyembamba za tangawizi mbichi. Mwenye kafa (mwili mzito wenye unyevu) apunguze samli iwe nusu.

Na kama tufaha lenyewe ndilo linalokujaza gesi, huenda ni sorbitoli, aina ya sukari ambayo tumbo hainyonyi vizuri, nayo haiondoki hata upike saa nzima. Badilisha tunda, tumia papai bivu, na acha kuongeza viungo!

Dhana: mdalasini ni mdalasini. Ule mnene wenye gome gumu la tabaka moja aghalabu ni kasia, una kumarini nyingi, ambayo ikizidi hudhuru ini. Anayekula kila siku atafute wa Ceylon, wenye tabaka nyingi nyembamba zinazovunjika kwa vidole.

Dhana: asali ichemshwe pamoja na tunda. Maandiko ya kale ya Ayurveda yanakataza asali kupashwa moto. Si kwamba kijiko kimoja kitakuua, lakini moto unaua vimeng'enya na harufu yake. Subiri tunda lipoe mpaka kidole kivumilie, ndipo uitie.

Dhana: maziwa na matunda ni sumu kwa kuwa yanaganda tumboni. Maziwa yote huganda tumboni, hata ukiyanywa peke yake. Katazo la Ayurveda linalenga hasa matunda machachu. Embe bivu tamu huruhusiwa. Tui la nazi si maziwa, ila ni zito: vijiko 2 vya chakula, usijaze kikombe.

Dhana: nanasi la kupika husaga nyama uliyokula. Kinachosaga nyama ni bromelaini, kimeng'enya cha nanasi bichi, na mchemko huiharibu. Likishachemka, nanasi ni kitindamlo kitamu tu. Wenye kisukari wahesabu sukari yake kama kawaida, iliki haiipunguzi.