Maumivu ya mifupa, vitamini D na vidonge vya dukani: maswali na majibu

Vitamini D ni nini?
Ni kirutubisho kinachotengenezwa na ngozi ikipigwa na jua, kisha ini na figo hukikamilisha. Bila yake utumbo haufyonzi kalsiamu vizuri. Mtoto hupata matege, mtu mzima huumwa mifupa na mapaja hukosa nguvu.

Inahusiana vipi na uvimbe mwilini?
Ukiumia au ukiingiwa na vijidudu, chembe za kinga huleta uvimbe, joto na maumivu ili kukulinda. Vitamini D huzisaidia chembe hizo zisipitilize. Lakini si dawa ya baridi yabisi, asikudanganye mtu.

Unguja na Pemba jua lote hili, nani atapungukiwa?
Wengi tu. Anayeshinda ndani, na akitoka amejifunika mwili mzima. Mtoto mchanga asiyetolewa nje, maana maziwa ya mama yana vitamini D kidogo mno. Na ngozi nyeusi huhitaji jua la muda mrefu zaidi. Jua la saa moja asubuhi ni dhaifu. Toka kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe. Mama zangu, uwani penye ukuta panatosha: mikono na miguu wazi, dakika 20 hivi, mara kadhaa kwa wiki. (Wenye ualbino wasifanye hivi.) Kuleni vibua, dagaa na kiini cha yai.

Nameza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kila siku na napata nafuu. Kuna ubaya?
Upo, tena mkubwa. Inatoboa tumbo, inapandisha presha, inaua figo, na figo ndizo zinazokamilisha vitamini D. Unaziba maumivu huku ugonjwa unaendelea.

Lakini nikiacha, maumivu yanarudi.
Yanarudi kwa sababu hayajatibiwa! Hapo ndipo pa kuja kituo cha afya, si pa kurudi dukani. Kila mara naletewa vidonge vilivyokatwa kwa mkasi, jina halisomeki, mgonjwa anaviita "vya mifupa". Mara nyingi ndani mna predinisoloni, dawa kali ya kushusha uvimbe (steroidi), ambayo ikitumiwa muda mrefu inadhoofisha mifupa hiyohiyo. Kama umeshaizoea, usiiache ghafla. Njoo nayo tukupunguzie taratibu.

Nisubiri kwanza nione?
Hapana. Kiungo kimevimba na kina moto, au una homa: njoo leo. Mifupa inauma zaidi ya wiki mbili, au kupanda ngazi kumekuwa tabu: njoo, usisubiri. Mtoto miguu imepinda na amechelewa kutembea: njoo, usiambiwe "atanyooka mwenyewe".

Basi ninunue vidonge vya vitamini D?
Pima kwanza. Mtu mzima huhitaji takriban yuniti (IU, kipimo cha vitamini) 600 kwa siku, mzee wa zaidi ya miaka 70 yuniti 800. Usipitishe 4,000 bila daktari. Ikizidi, kalsiamu hupanda: kiu kali, kutapika, choo kigumu, mawe ya figo. Ukiziona dalili hizo, acha vidonge na uje siku hiyohiyo.