Unaisifu Piano au Jina Lililo Jaladani? Dhana Potofu Kuhusu Kujadili Rekodi za Klasiki

Tukikutana wapenzi wa muziki wa klasiki wa Ulaya, hatuchelewi kufika kwenye ubishi: nani kapiga vizuri zaidi? Kazi ni ile ile, nota ni zile zile, rekodi ndizo chungu nzima. Katika ubishi huo hujitokeza dhana kadhaa ambazo hata mimi nimezibeba kwa miaka.

Dhana: Asiyesoma nota hana la kusema

Kusoma nota kunasaidia, sikatai. Lakini anayesema "sikiliza kuanzia dakika ya pili, mkono wa kushoto unaufunika wa kulia" ametoa hoja ambayo kila mwenye rekodi hiyo anaweza kuihakiki. Anayesema "upigaji huu una kina cha kiroho" hajasema kitu, hata awe profesa.

Dhana: Muda ulioandikwa jaladani unaonyesha nani ana haraka

Hapa mfano mzuri ni mpiga piano Glenn Gould wa Kanada. Alirekodi Goldberg Variations za mtunzi Bach, yaani wimbo mmoja unaofuatwa na vipande vinavyougeuza kwa namna mbalimbali, mara mbili studioni, New York: mwaka 1955, kwa dakika 38 na ushei, na mwaka 1981, kwa dakika 51. Watu husoma tarakimu hizo na kutangaza kwamba uzee ulimpunguza kasi. Haraka ya nini? Bach aliandika kila sehemu irudiwe. Mwaka 1955 Gould hakurudia hata moja. Mwaka 1981 alirudia baadhi. Kwa hiyo sehemu ya dakika zilizoongezeka ni marudio tu.

Ukitaka kupima mwendo wenyewe, chukua aria ya mwanzo, yaani wimbo unaofungua kazi hiyo, ambao sehemu zake hakuzirudia 1955 wala 1981. Ya kwanza inachukua chini ya dakika mbili, ya pili inapita dakika tatu. Hapo kweli kapunguza, tena sana. Na ukiongeza sauti utamsikia akijiimbia chini chini huku anapiga, tabia iliyowaudhi mafundi mitambo maisha yake yote. Mimi siku hizi naikosa nikisikiliza wengine.

Tena mfano huo unaizima dhana nyingine, kwamba kila kazi ina rekodi moja iliyo bora kuliko zote. Ikiwa mtu mmoja hakukubaliana na nafsi yake, sisi tunamlazimishia nani?

Dhana: Rekodi ni upigaji wa mara moja, mwanzo hadi mwisho

Enzi za santuri za zamani hilo lilikaribia ukweli. Upande mmoja ulibeba dakika nne hivi. Ukikosea, unaanza upya. Ndivyo Pablo Casals alivyorekodi suti (mikusanyo ya vipande) za Bach za cello, fidla kubwa ya sauti nzito, kati ya 1936 na 1939, na ndivyo Siti binti Saad alivyoimba mbele ya mitambo kule Bombay mwaka 1928. Ilipoingia tepu, mafundi wakaanza kukata na kuunga. Hata rekodi nyingi zinazouzwa kama za konsati zimeungwa kutoka usiku mbili au tatu, pamoja na vipande vya mazoezi. Gould hakuona aibu yoyote kwa hilo: aliacha kabisa konsati mwaka 1964 na kuhamia studioni.

Dhana: Masikio ya wajuzi hayadanganyiki

Joyce Hatto alikuwa mpiga piano Mwingereza aliyeacha kupiga hadharani miaka ya 1970. Uzeeni, akiwa anaugua saratani, kampuni ndogo ya mumewe, William Barrington-Coupe, ilitoa CD zaidi ya 100 kwa jina lake: kazi za watunzi Liszt, Chopin, Rachmaninov, kila kitu. Wahakiki walimpamba kwa sifa. Mama mgonjwa, aliyesahauliwa, anapiga kazi ngumu namna hii! Alifariki mwaka 2006.

Mapema 2007 msikilizaji mmoja akaitia kwenye kompyuta CD yake ya etude za Liszt, vipande vya kupimia ufundi wa mpigaji. Programu ikamwonyesha jina la mpigaji mwingine: László Simon. Rekodi zikalinganishwa, na kweli zikawa zile zile. Nyingine nazo zikabainika kuwa za watu wengine, baadhi zikiwa zimeongezwa au kupunguzwa kasi ili zisitambulike. Mume alikana kwanza, kisha akakiri.

Linaloniuma si wizi peke yake. Konseto ya tatu ya Rachmaninov, kazi ya piano na okestra, iliyouzwa kama ya Hatto ilikuwa ya mpiga piano Yefim Bronfman. Mhakiki aliyewahi kumkosoa Bronfman kwa rekodi hiyo aliisifu mno ilipomrudia na jina la Hatto. Tunasema kizuri chajiuza, lakini upigaji wa Simon ulikuwa sokoni miaka yote hiyo na wachache tu waliugeukia hadi ulipovishwa jina la mwingine.

Msije mkadhani wahakiki wale walikuwa viziwi. Walichokisikia kilikuwa kizuri kweli. Ila hadithi ya mgonjwa iliingia sikioni kabla ya piano.

Kwa sababu hiyo, nikiwa na wenzangu, mmoja hushika majalada na sisi wengine tunasikiliza bila kujua ni nani anayepiga. Mara mbili nimeiponda rekodi niliyoinunua mwenyewe, tena niliyowahi kuwasifia.