Kujumlisha desibeli: kwa nini 80 na 80 ni 83

Jenereta mbili zikiwa kando kando, na kila moja peke yake ikimfikia msikilizaji kwa kiwango cha desibeli 80, wengi hukisia kwamba zikiwashwa pamoja kiwango kitakuwa desibeli 160. Hicho ni kiwango cha mlio wa bunduki iliyofyatuliwa karibu na sikio. Jibu sahihi ni desibeli 83.

Desibeli hazijumlishwi kama kilo au mita kwa sababu zenyewe si kiasi cha sauti, bali ni uwiano ulioandikwa kwa logi, yaani kwa kipeo ambacho 10 hupandishwa ili kupata namba husika. Ukali wa sauti, yaani nishati inayopita katika eneo fulani kila sekunde, hulinganishwa na ukali wa marejeo wa wati 10⁻¹² kwa mita ya mraba, ambao unakaribia sauti hafifu kabisa inayoweza kusikika kwa sikio zima. Logi ya uwiano huo kwa kizio cha 10 huzidishwa kwa 10, na hapo desibeli hupatikana. Kwa hiyo desibeli 60 ni ukali mara milioni 1 ya ule wa marejeo, na desibeli 70 ni mara milioni 10. Hatua ni ndogo kwenye karatasi, lakini nishati imeongezeka mara kumi.

Kinachojumlishwa, basi, ni ukali wenyewe. Kila kiwango hurudishwa kwanza katika uwiano wake, uwiano hizo zikajumlishwa, kisha jumla ikageuzwa tena kuwa desibeli (L ni kiwango cha pamoja; L₁, L₂ na kuendelea ni viwango vya kila chanzo):

L = 10 × log (10^(L₁/10) + 10^(L₂/10) + …)

Tuchukue chumba cha mitambo chenye pampu ya desibeli 80, feni ya desibeli 84 na kompresa ya desibeli 90, zote zikiwa zimepimwa mahali pamoja, kila moja ikiwa peke yake. Pampu ni mara milioni 100 ya marejeo, feni ni mara milioni 251 hivi, na kompresa ni mara milioni 1,000. Jumla ni milioni 1,351, na ukitafuta logi yake na kuzidisha kwa 10 unapata desibeli 91.3. Sasa zima pampu: kiwango kinashuka hadi 91.0 tu, tofauti ambayo sikio haliigundui. Ukiiwasha tena na kuzima kompresa, kiwango kinaporomoka hadi 85.5. Anayetaka kupunguza kelele chumbani humo, akianzia kwenye pampu kwa kuwa ndiyo rahisi kufunika, atakuwa amepoteza fedha zake.

Asiye na kikokotoo anaweza kutumia njia ya mkato, akichukua viwango viwili viwili na kutazama tofauti yake. Tofauti ikiwa 0 au 1, ongeza desibeli 3 kwenye kiwango kikubwa. Ikiwa 2 au 3, ongeza 2. Kuanzia 4 hadi 9, ongeza 1. Ikifika 10 au zaidi, kiwango kidogo hakina uzito wa kuhesabiwa. Kwa mitambo yetu, 80 na 84 hutoa 85, kisha 85 na 90 hutoa 91, jibu lililo karibu sana na lile la kanuni.

Hesabu hii inafaa pale ambapo vyanzo havihusiani, kama ilivyo kwa mitambo mingi. Spika mbili zinazotoa mlio uleule kwa wakati mmoja ni jambo jingine: mawimbi yake yakikutana kilele kwa kilele kiwango huweza kupanda kwa desibeli 6, na yakikutana kilele kwa bonde huweza kufutana.

Kanuni hiyohiyo hutumika pia kinyume, pale mashine isipoweza kupimwa katika ukimya. Kipima sauti kikionyesha 85 mashine ikiwa imewashwa, na 82 ikiwa imezimwa, mtu hutoa ukali wa 82 katika ukali wa 85 na kubaki na mashine yenye desibeli 82 hivi. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ikiwa chini ya desibeli 3, kosa dogo la kipimo huyumbisha jibu kiasi kwamba ni heri kusubiri kelele nyingine zipungue, kisha kupima upya.