Jua linaposhusha kinga ya ngozi

Maneno "jua linashusha kinga" yamezoeleka sana Nairobi, kwa kinyozi, kwenye matatu, hata kwenye foleni ya duka la dawa, na karibu kila mara hubebeshwa maana isiyo yake. Fundi wa mjengo akitokwa na malengelenge mdomoni, jirani ananong'ona kwamba kinga imemwishia, na kila mtu anajua anachokusudia: Ukimwi. Mwingine naye anabisha: jua litashushaje kinga, na ndilo linaloua virusi? Nimesikia mabishano haya mara nyingi mno, na pande zote mbili zimepotoka.

Maana yenyewe ni fupi. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ikiipiga ngozi hupunguza kwa muda uwezo wa seli za kinga kutambua na kushambulia wavamizi fulani, virusi vikiwemo. Inayohusika zaidi ni miale ya B, yenye mawimbi ya nanomita 280 hadi 315, ingawa miale ya A nayo huchangia.

Kwenye tabaka la juu la ngozi kuna seli zenye matawi ziitwazo seli za Langerhans. Paul Langerhans alizieleza mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, akidhani ni za neva. Kumbe kazi ya seli hizo ni kunasa vipande vya mvamizi, kuvipeleka kwenye tezi za limfu na kuvionyesha seli T, yaani seli nyeupe za damu zinazoongoza mashambulizi ya kinga, ili zijue la kufanya. Sasa miale inapoingia, DNA ya seli za ngozi hupata majeraha, na asidi ya urokaniki iliyo kwenye tabaka la nje kabisa hubadilika umbo. Mambo hayo mawili huzifanya seli zitoe kemikali za kutuliza, mojawapo interleukini 10. Seli za Langerhans hupungua mahali hapo, na kule tezini huzaliwa seli T za kudhibiti, ambazo huzizuia nyingine zisishambulie kwa nguvu.

Aliyewafanya wanasayansi walitilie maanani jambo hili ni Margaret Kripke wa Marekani, katika miaka ya 1970. Alichukua uvimbe wa saratani uliotokana na miale ya urujuanimno na kuupandikiza kwa panya wengine. Panya wa kawaida waliukataa. Waliokuwa wamepigwa miale kabla, uvimbe uliota na kukua.

Sasa tuje kwa hoja ya kwamba jua linaua virusi. Ni kweli miale hii huharibu virusi vilivyo wazi juu ya meza au hewani. Taa za hospitali za kuua vijidudu hutumia miale ya C, ambayo kutoka kwa jua haitufikii kabisa kwa sababu ozoni huimeza yote. Lakini kirusi kilicho mwilini hakikai wazi. Kirusi cha malengelenge ya mdomo hujificha kwenye fundo la neva ndani ya fuvu, mahali ambapo hakuna mwale wa jua unaofika. Mtu huambukizwa mara nyingi akiwa mtoto, kisha hubaki nacho maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50, yaani asilimia 64, wanacho. Jua kali likiupiga mdomo, kirusi huamka na kushuka kwa njia ya neva, na hukuta ulinzi wa ngozi umelegea. Mwenyewe huanza kuhisi mdomo ukimchonyota pembeni, kisha vinatoka vilengelenge vidogo vilivyoshikana, vyenye maji maangavu. Vinapasuka, vinafanya gaga, na kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili vimepona.

Hilo la kupona ndilo linalosahauliwa na wanaonong'ona. Kinga hapo ni kama askari wa geti aliyeambiwa apunguze ukali, hajafukuzwa kazi. Tena si kinga yote inayoshuka: miale hiyohiyo huifanya ngozi itengeneze peptidi, yaani protini fupi, nyingi zaidi za kuua bakteria. Madaktari wa ngozi huutumia utulizaji huu makusudi, wakiwapiga wagonjwa wa psoriasisi, ugonjwa wa ngozi kutoa magamba, miale ya nanomita 311 kwa vipimo, kwa kuwa huko kinga ndiyo inayowasumbua kwa kupita kiasi.

Ukimwi ni jambo jingine kabisa. Huko kirusi chenyewe huzimaliza seli za CD4 mwili mzima, miaka nenda miaka rudi, mgonjwa asipopata dawa. Mambo haya mawili yanaweza kukutana, na kanda yetu inalijua hilo vizuri: saratani ya utando wa jicho, ambayo Afrika Mashariki inaonekana zaidi kuliko sehemu nyingi za dunia, inahusishwa na jua na VVU kwa pamoja. Lakini kukutana hakuyafanyi kuwa jambo moja, na malengelenge ya mdomo hayampimi mtu VVU.

Kuna wanaosema Nairobi ni mji wa baridi, kwa hiyo haya hayatuhusu. Joto na miale ni vitu viwili tofauti. Tuko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, na miale huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Mawingu mepesi huipitisha sehemu kubwa. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi nyeusi, husaidia, ila haizuii yote, na midomo ina melanini kidogo kuliko uso. Watu wenye ualbino hawana hata kinga hiyo.

Kwa hiyo ukimwona fundi aliyeshinda juani ametokwa na malengelenge, usiseme kinga imemwisha. Kirusi huenda alikuwa nacho tangu utotoni, na jua limeulegeza ulinzi pale mdomoni kwa siku chache. Kinachomfaa ni kofia pana, mafuta ya midomo yenye kinga ya jua, na kwenda kwa daktari iwapo yanamrudia mara kwa mara au yamekaribia jicho.