Abdullahi Yusuf hakuwa mtengaji

Watu wengi wakisikia Abdullahi Yusuf Ahmed ndiye rais wa kwanza wa Puntland, eneo la kaskazini mashariki mwa Somalia, humweka kapu moja na viongozi wa Somaliland, kwamba naye alitaka kuimega Somalia. Sivyo kabisa.

Somaliland ilijitangazia uhuru mwaka 1991. Puntland iliundwa Garowe mwaka 1998, na tangu mwanzo ilijitambulisha kama jimbo la Somalia lenye mamlaka ya ndani, likisubiri serikali ya shirikisho iundwe. Hiyo ni tofauti kubwa, na inaniuma kuona inavyopuuzwa.

Tazameni maisha yake mwenyewe. Alikuwa mwanajeshi. Siad Barre, aliyetwaa utawala wa Somalia kwa mapinduzi ya 1969, alimfunga baada ya mapinduzi hayo. Mwaka 1978 alishiriki jaribio la kumpindua Barre, likashindikana, akakimbia nchi. Kisha akaongoza waasi kutoka Ethiopia, na huko nako Mengistu, mtawala wa Ethiopia, akamtia gerezani hadi 1991. Vita vyake vilikuwa vya kuitwaa Mogadishu, si kuikimbia.

Ushahidi mzito zaidi uko Nairobi. Oktoba 2004 wabunge wa Somalia walikutana huko, maana Mogadishu haikuwa salama, wakamchagua kwa kura 189 dhidi ya 79 za Abdullahi Ahmed Addou. Akaacha urais wa Puntland, akawa rais wa Somalia nzima mpaka alipojiuzulu Desemba 2008.

Mlaumuni kwa kuyaleta majeshi ya Ethiopia, mkitaka. Lawama hiyo ina msingi. Ya utengano haina.