Bismathi ndani ya Kioo: Mwanga Unaofuata Majirani Zake

Mikongo ya baharini inayofika Mombasa na Dar es Salaam hubeba intaneti kwa mwanga unaopita ndani ya nyuzi za kioo. Mwanga huo hufifia kadiri unavyosafiri, hivyo huongezwa nguvu njiani kwa vipande vya nyuzi vyenye kiasi kidogo cha metali iitwayo erbiamu. Erbiamu ni hodari, lakini hukuza hasa mawimbi ya mwanga yenye urefu wa nanomita 1530 hadi 1625 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ilhali kioo chenyewe hupitisha vizuri mawimbi kuanzia nanomita 1260 hivi. Sehemu kubwa ya njia, basi, haifikiwi na erbiamu. Hapo ndipo bismathi, metali nyingine, inapoingia.

Mwaka 2001 Fujimoto na Nakatsuka wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, walieleza kwamba kioo cha silika (oksidi ya silikoni, malighafi kuu ya kioo) chenye bismathi hutoa mwanga mpana usioonekana kwa macho, karibu na nanomita 1250. Mwaka 2005 kundi la mtafiti Dianov mjini Moscow likatengeneza leza ya uzi wa aina hiyo.

Elektroni za erbiamu zinazotoa mwanga zimekingwa na nyingine zilizo nje yake, kwa hiyo hazijali sana zimewekwa katika kioo gani. Za bismathi ziko nje kabisa na huguswa na kila atomu jirani. Ukiongeza alumini katika silika, mwanga hukaa karibu na nanomita 1150. Ukiweka fosforasi, husogea hadi 1300 hivi. Germaniamu kidogo huufikisha karibu na 1430, na germaniamu nyingi hadi 1700. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo thamani yake hasa, kwani fundi huchagua rangi ya mwanga kwa kuchagua kioo.

Wepesi huohuo wa kuguswa ndio unaowasumbua watafiti. Bismathi ya kawaida yenye chaji tatu chanya hutoa mwanga unaoonekana, si huu usioonekana, na mjadala kuhusu umbo halisi la kitovu kinachong'aa haujafungwa. Wengi huelekea kwenye bismathi yenye chaji ndogo zaidi, iliyo jirani na pengo la oksijeni, yaani mahali palipokosa atomu ya oksijeni. Joto likizidi wakati wa kuyeyusha, bismathi hugeuka chembe za metali na kioo huwa cheusi. Ikiwekwa nyingi, mwanga hupotea bure. Ndiyo maana huwekwa kwa kiasi kidogo mno, na kikuza mwanga cha bismathi huhitaji uzi wa makumi au hata mamia ya mita, pale ambapo cha erbiamu hutosheka na mita chache.